Mwenye Kasia Asingoje Kuonwa

BWEREMANA, MASISI – Kabla ya kusukuma mtumbwi wake majini, baba mmoja wa hapa Bweremana hufanya kazi nne. Anawasha tochi na kuizima, mara mbili. Anahesabu watu kwa kidole, hata kama ni wawili tu. Anainama kuangalia alama aliyoichonga kwa kisu ubavuni mwa mtumbwi. Mwisho anasimama kimya kando ya maji, anasikiliza kama kuna moteri inayokuja. Vijana wa ufukweni wanamcheka, wanamwita polisi wa ziwa. Yeye hajibu. Anajua kazi hizo nne amezilipia bei gani.

Hakuzaliwa hapa. Alizaliwa wilayani Walikale, karibu na mto Lowa, ule unaoshuka kupitia misitu hadi kuingia Lualaba. Vita vilimtoa kule miaka mingi iliyopita, akapita Masisi kwa miguu na familia yake, kijiji kwa kijiji, mpaka akafika kwenye maji. Mwenye mtumbwi mmoja alimpa kazi kwa sababu aliona namna alivyoshika kasia. Mtu wa Lowa hafundishwi kupiga kasia. Lakini kuna jambo lingine alilolijua tangu utoto, akalisahau alipofika ziwani, na kusahau huko nusura kuue watu watano.

Kuanzia Februari 2024, mapigano yalifunga barabara inayotoka Goma kupitia Sake na Shasha hadi Minova. Wenyeji wanakumbuka. Maharagwe, ndizi na mihogo ya Masisi na ya Kalehe haikupata tena njia ya gari. Watu nao walitaka kuvuka: wengine walikuwa wakikimbia, wengine walikuwa wakitafuta ndugu zao katika kambi za wakimbizi wa ndani upande wa Nzulo na Bulengo, wengine walikuwa wagonjwa. Njia iliyobaki ilikuwa ziwa. Kwa hiyo vyombo vyote vilikutana juu ya maji yaleyale: mashua kubwa za moteri za Minova na Goma, kano za mwendo wa kasi, mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, na mitumbwi midogo ya kasia kama ule wa baba huyu.

Usiku mmoja wa miezi ile, alitoka Bweremana kuelekea Nzulo. Ndani alikuwa yeye na kijana wa kumsaidia kasia, mama mmoja na watoto wake wawili, na mifuko mitatu ya maharagwe ya mchuuzi. Tochi ilikuwepo. Ilikuwa chini ya mfuko, imefungwa ndani ya sasheti, na haikuwashwa kwa sababu betri ni pesa. Mwezi ulikuwepo kidogo. Moyoni alijiambia: ziwa ni pana, kila mtu ana njia yake.

Alisikia moteri kwa muda mrefu kabla ya kuiona. Sauti ilitoka nyuma, upande wa Minova. Hakugeuza mtumbwi. Alifikiri, mimi namsikia, basi na yeye ananiona. Alipogundua kwamba mashua ile inakuja moja kwa moja juu yao, alipiga kelele. Kijana naye alipiga kelele, mama akapiga kelele. Mashua ikapita karibu sana, umbali usiozidi urefu wa makasia mawili. Haikuwagonga. Lakini wimbi lake liliwapiga ubavuni, maji yakaingia, mfuko mmoja ukaanguka ziwani, na mtoto mdogo akateleza hadi ukingoni. Mama yake alimshika kwa nguo. Walitoa maji kwa bido iliyokatwa mpaka mikono ikachoka. Walifika Nzulo kukiwa kunakucha.

Pale alimkuta nahodha wa mashua ile, ambayo ilikuwa imesimama kushusha mizigo kabla ya kuendelea Goma. Alimwendea na hasira.

“Wewe, unataka kuua watu? Watoto walikuwa ndani!”

Nahodha alimwangalia kama mtu asiyeelewa. “Papa, watoto gani? Sikuona mtumbwi hata mmoja usiku huu. Ulikuwa na taa?”

Baba huyu hakuwa na jibu. Aliondoka akitukana. Kwa wiki nzima alieleza habari hiyo kwa kila mtu aliyemkuta, na kila mara alianza na makosa ya nahodha. Na kweli nahodha alikuwa na makosa: alikuwa akienda kasi gizani, bila mtu wa kuangalia mbele. Lakini kila alipofika mahali pa tochi, aliipita haraka katika maneno yake. Mke wake ndiye aliyeona. Jioni moja alimwuliza tu: “Baba watoto, tochi ilikuwa wapi?”

Ndipo alipokumbuka Lowa.

Katika mto Lowa, mtoto anayeanza kushika kasia hufundishwa kwanza kupaza sauti. Mto una kona, na nyuma ya kona huwezi kuona. Kabla ya kuingia kona unaita, halafu unanyamaza usikilize. Ukisikia mwingine anaita kutoka juu, wewe unayepanda unajibana kando, kwa sababu anayeshuka amebebwa na mkondo na hawezi kusimama. Hakuna anayeuliza nani mkubwa au nani ana haki. Wanauliza nani anaweza kusimama na nani hawezi. Yule anayeweza ndiye anayempisha mwenzake.

Ziwani, kwa sababu hakuna kona, aliona hakuna haja ya kuita. Upana wa maji ulimdanganya. Ziwa Kivu ni pana kweli, na kina chake kinafika karibu mita 485. Lakini vyombo havitawanyiki sawasawa juu yake. Vyote vinatafuta mwalo uleule, vinapita rasi ileile, vinafuata sambaza mahali palepale. Ndipo vinapokutana.

Na moteri haisikii. Hilo alilijua baadaye, alipokubali kupanda mashua moja na kukaa nyuma karibu na nahodha. Injini inapiga kelele sikioni mwake mfululizo. Uzito wa injini na wa watu huinua pua ya mashua, na maji ya mbele karibu yanajificha. Abiria wamesimama, mizigo imepangwa juu. Asubuhi, mashua inayoelekea Goma inapigwa na jua usoni. Katika hali hiyo mtumbwi mmoja mdogo, wa rangi ya mti uliolowa, ni kama gogo. Kumpigia kelele nahodha wa moteri ni kama kumpigia kelele dereva wa lori aliyefunga vioo.

Baba huyu alipoelewa hayo hakumsamehe nahodha. Alielewa kitu kingine: makosa ya nahodha yako mkononi mwa nahodha, na tochi iko mkononi mwake. Kama angezama usiku ule, hukumu ya nani mwenye makosa isingerudisha mtoto wa yule mama.

Watu wa bahari waliandika jambo hili zamani. Mwaka 1972 mataifa yalikubaliana sheria za kuzuia vyombo kugongana, na zilianza kufanya kazi mwaka 1977. Ziliandikwa kwa ajili ya bahari na maji yanayoungana nayo ambayo meli za bahari zinaweza kuyafikia, wala si kwa ziwa letu la mlimani. Lakini akili yake inatufaa. Zinasema kila chombo, kikubwa kwa kidogo, lazima kiwe na mtu anayeangalia na kusikiliza wakati wote. Zinasema vyombo viwili vya moteri vikikutana uso kwa uso, kila kimoja kigeukie kuume kwake. Na kuna kipengele kinachomhusu mwenye kasia: kama hana taa za kawaida, awe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, aioneshe mapema, kabla hatari haijafika. Sheria inasema mkononi. Tochi iliyo chini ya mfuko wa maharagwe haimo katika sheria hiyo.

Sasa baba huyu anafunga tochi shingoni kwa kamba. Akisikia moteri, haelekezi mwanga machoni mwa nahodha, kwa sababu mtu aliyepofushwa haoni chochote. Anamulika kifua chake mwenyewe na kasia lake, ili nahodha aone kwamba ni mtu, tena aone anaelekea wapi. Mchana anasimamisha bido ya manjano mbele ya mtumbwi, ileile ya litri 20 ambayo kila familia ya kambini inaijua. Rangi hiyo inaonekana mbali. Na bido tupu iliyofungwa vizuri inamwinua mtu mzima majini, kwa yule ambaye hana pesa ya kununua jile.

Njia yake pia aliibadilisha. Hapiti tena katikati, ambapo mashua za moteri zinanyoosha mwendo. Anakwenda karibu na ufuko kadiri anavyoweza, na kama lazima akate njia ya mashua, anaikata moja kwa moja kwa haraka, haifuati kwa mshazari. Hakati mbele ya pua ya mashua inayokuja, hata kama anaona ana nafasi. Anangoja ipite. Wimbi lake likija, anageuza pua ya mtumbwi kulikabili, watu wanakaa chini kabisa, hakuna anayesimama kuangalia. Wakiwa mitumbwi miwili au mitatu wanakwenda pamoja, karibu karibu, kwa sababu mitumbwi mitatu inaonekana kuliko mmoja.

Wavuvi wa sambaza anawapita kwa mbali. Wengi wanawajua: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa katikati, wavu chini, na fito ndefu zilizotokeza mbele na nyuma. Taa yao inaonekana vizuri, lakini fito na wavu havionekani, na mtumbwi mdogo ukiingia hapo haujui utokee wapi. Jioni wanapotoka, wavuvi hao hupiga kasia kwa nyimbo. Wageni hufikiri ni furaha tu. Wimbo ule unaunganisha mikono ya wapiga kasia, na gizani unamwambia mwenye mtumbwi mwingine: sisi tuko hapa, pita kule. Hiyo ndiyo sauti ya kona ya Lowa.

Lakini kazi ngumu kuliko zote haikuwa tochi wala njia. Ilikuwa kuhesabu.

Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyoitwa Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Ilizama mbele ya bandari ya Kituku, karibu kufika, watu wa ufukweni wakiiona kwa macho. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema watu 278 walikuwa ndani na kwamba angalau 78 walikufa. Hesabu nyingine zilizotolewa baadaye zilitofautiana. Mashua ilikuwa imejaa kupita kiasi. Si mara ya kwanza ziwa hili kuona hivyo. Aprili 2019 chombo kingine kilizama upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba watu 150 hawajulikani walipo.

Siku ya Merdi, watu walilia Bweremana kama walivyolia Goma, kwa sababu karibu kila familia ilikuwa na mtu njiani. Baba huyu alikaa ufukweni bila kwenda kazini. Waliokuwa karibu naye walimsikia akisema jambo moja tu: “Kila mmoja wao, kuna mtu alimwambia panda.”

Ndipo alipochukua kisu na kuchonga ile alama ubavuni, upana wa kiganja chini ya ukingo. Maji yakifika kwenye alama, hakuna mtu wala mfuko unaoongezwa. Hakujua kwamba huko Uingereza, mwaka 1876, sheria ilizilazimisha meli kuchorwa mstari wa namna hiyo baada ya mabaharia wengi kufa katika meli zilizolemewa na mizigo, na baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigana miaka kadhaa kwa ajili yao. Yeye alitumia kiganja chake tu. Sababu ni ileile: mtumbwi uliolemewa haugeuki haraka, na wimbi la mashua inayopita, ambalo mtumbwi mwepesi ungelipanda, linaingia ndani.

Alama hiyo ilijaribiwa mapema. Asubuhi moja milio ya silaha ilisikika milimani, na watu walishuka ufukweni mbio na vyombo vyao. Katika mtumbwi kulikuwa na watu wanne na mifuko miwili ya mchuuzi aliyekwisha kulipa. Maji yalikuwa tayari yanagusa alama. Ndipo alipofika shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa aliyefariki, na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Nyuma yake kulikuwa na kijana mmoja wa jirani.

“Shemeji, hakuna nafasi,” alisema.

“Kaka yako angekuwa hapa, ungeniambia hivyo?”

Wote walinyamaza, wakamwangalia. Mwenye kasia yeyote wa pwani hii anaijua dakika hiyo. Kusema hapana kwa mgeni ni vigumu. Kusema hapana kwa mke wa kaka yako, mbele ya watu, wakati risasi zinalia, ni aibu ambayo mtu anaweza kuibeba mpaka kufa. Na kusema ndiyo ni rahisi sana. Mtu mmoja tu na mtoto wake. Vidole viwili juu ya alama.

Alishika mifuko ya mchuuzi, mmoja baada ya mwingine, akaiweka mchangani.

“Panda, wewe na mtoto. Godoro linabaki.” Kisha akamgeukia kijana. “Wewe mdogo wangu, utangoja. Nitarudi kukuchukua.”

Mchuuzi alipiga kelele, akadai pesa yake. Akarudishiwa yote, na siku ile baba huyu alifanya kazi bila faida. Shemeji yake alilia njia nzima kwa ajili ya godoro. Kijana alikaa juu ya mifuko akiangalia mtumbwi ukienda, na hakuna aliyejua kama vita vitamfikia kwanza. Katikati ya safari kano ya kasi iliwapita, wimbi likaja, mtumbwi ukageuzwa kulikabili, ukapanda, ukashuka. Yaliingia maji kidogo tu. Hakuna aliyesema kitu. Alirudi adhuhuri, mikono ikitetemeka kwa uchovu. Kijana alikuwa bado pale.

Kuna wanaosema maneno ya uwajibikaji wa mtu mmoja mmoja ni ya kuwaonea maskini. Wanauliza: aliyefunga barabara ni nani? Nani aliyeruhusu mashua kujazwa bandarini? Nani analeta jile kwa mama mwenye watoto watano ambaye hana hata sabuni? Maswali hayo ni ya haki na yaendelee kuulizwa kwa sauti kubwa, na wakuu, na mashirika ya raia, na kila familia iliyopoteza mtu. Anayekimbia risasi hachagui mtumbwi. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa kupanda.

Lakini aliyeshika kasia anachagua vitu vichache. Anachagua kama tochi iko shingoni au chini ya mfuko. Anachagua kunywa pombe kabla ya safari au kungoja kufika. Anachagua kuondoka wakati upepo umeanza kuinua maji, au kulala njaa siku moja. Mahali ambapo safari za usiku zimekatazwa, anachagua kutii. Anachagua kinachotangulia kushushwa: mtu au mfuko. Na abiria naye anaweza kuchagua kidogo: kukaa chini, kutosimama mashua ikipita, kutomsukuma mwenye mtumbwi aongeze mmoja. Na mtumbwi ukipinduka, kuushikilia. Ubao unaelea hata ukijaa maji. Wengi hupotea kwa sababu waliuacha na kujaribu kuogelea hadi ufuko ulioonekana karibu.

Baba huyu hajawahi kumwona tena yule nahodha wa usiku ule. Anasema akimwona atamsalimia, kisha atamwuliza kama siku hizi anaweka mtu wa kuangalia mbele. Na nahodha akimwuliza juu ya taa, sasa ana jibu.

Jioni inapoingia Bweremana, kabla ya kusukuma mtumbwi, anawasha tochi na kuizima, mara mbili. Anahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Anainama kuangalia alama. Kisha anasimama kimya, kama mtoto wa Lowa mbele ya kona, anasikiliza.